Mtihani wa leseni ya meno: jifunze kusahihisha kabla ya kushika mashine

Wahitimu wengi wa udaktari wa meno nchini Marekani huuendea mtihani wa leseni wakidhani wanakwenda kuonyesha ufundi. Nimekaa vya kutosha kwenye maabara za mazoezi, nikiwasaidia wanaojiandaa, na bado naamini hapo ndipo wanapopotea njia. Bodi inayotoa leseni haitafuti fundi bora wa mwaka. Inataka kujua kama ukiachwa peke yako chumbani na mgonjwa hutamdhuru. Ukilielewa hilo mapema, hata ratiba yako ya kusoma itabadilika.

Kwanza mambo ya makaratasi, tuyamalize. Leseni hutolewa na bodi ya jimbo, si serikali kuu, na masharti hayafanani. Kwa kawaida unadaiwa shahada ya chuo kinachotambuliwa, mtihani wa taifa wa nadharia na mtihani wa vitendo. New York iliachana na mtihani wa vitendo mwaka 2007, na badala yake inataka mwaka wa mafunzo kazini baada ya shahada. Aliyesomea nje ya Marekani na Kanada, majimbo mengi humtaka arudi darasani miaka 2 au 3 katika chuo cha huko. Kwa hiyo amua unataka kufanya kazi wapi kabla hujalipa ada yoyote, kisha soma kanuni kwenye tovuti ya bodi yenyewe. Ushauri wa kaka au dada aliyekutangulia ni mzuri kwa kukutia moyo, lakini kwa kanuni usimtegemee: mengi yamegeuka tangu 2020.

Moja ya yaliyogeuka ni mtihani wa nadharia. Ule wa zamani uliokuwa na sehemu mbili ulianza kuondolewa, na Agosti 2020 ukaingia mmoja unaoitwa INBDE. Maswali yake 500 hufanywa kwa siku mbili, 360 siku ya kwanza na 140 ya pili. Mtihani wa nadharia wa wataalamu wa usafi wa kinywa ni NBDHE, wenye maswali 350, na 150 kati yake yametokana na taarifa za wagonjwa. Zingatia neno hilo, wagonjwa. Utapewa umri wa mtu, anacholalamikia, dawa anazotumia, mzio alionao, pengine na picha ya eksirei, halafu uulizwe utafanya nini. Anayekariri orodha za bakteria na majina ya neva bila kuziunganisha na mtu aliyeketi kitini atateseka. Mimi huwashauri wasome dawa kwa njia hii: chukua kila dawa inayotumiwa sana na wagonjwa wa presha, kisukari, moyo na mifupa, ujiulize inabadilisha nini ukitaka kung'oa jino au kuchoma sindano ya ganzi. Hilo peke yake litakubebea maswali mengi kuliko unavyodhani.

Mtihani wa vitendo ndio unaowanyima watu usingizi. Zamani ulifanywa kwa wagonjwa halisi, na mtahiniwa ndiye aliyemtafuta mgonjwa wake: mtu mwenye tundu la ukubwa unaotakiwa, mahali panapotakiwa, atakayekubali kuamka alfajiri na kukaa kitini kwa saa nyingi. Watu walikwama kwa sababu mgonjwa hakutokea. Wengine waliacha tundu lisizibwe kwa wiki kadhaa ili lisubiri siku ya mtihani, jambo ambalo kwangu halikuwahi kuwa sawa hata kidogo. Janga la korona liliharakisha matumizi ya sanamu za kichwa zenye meno bandia, na siku hizi sehemu kubwa ya watahiniwa wa udaktari wa meno huzitumia. Binafsi sioni tulichopoteza.

Kwenye ADEX, mtihani wa vitendo unaokubaliwa na majimbo mengi, utaziba jino la mbele na la nyuma, utatibu mzizi na utachonga meno ya kuvishwa taji. Watahini watatu husahihisha kila mmoja peke yake, bila kujua kazi ni ya nani. Hawatakuona ukitokwa jasho, wala hawatajua kwamba mkono wako huwa mzuri siku nyingine. Wanaliona jino tu, pamoja na karatasi ya vigezo. Karatasi hiyo hutolewa hadharani kwenye mwongozo wa mtahiniwa, na ajabu ni kwamba wengi huifungua wiki ya mwisho.

Anza nayo. Kabla hujatoboa hata jino moja, jifunze kusahihisha. Chukua meno yaliyochongwa na wenzako, changanya yasijulikane ni ya nani, shika kipimo chenye alama za milimita na uyape alama kwa vigezo vile vile. Baada ya muda jicho lako litaanza kuona kuta zilizoinama na kingo zilizoachwa na mikwaruzo bila kuambiwa. Kisha geukia makosa yanayoangusha moja kwa moja: kukwangua vibaya jino la jirani, kufungua kiini cha jino pasipo sababu, kutoboa mzizi ukatokea pembeni, kufanya kazi kwenye jino lisilo lako. Hilo la mwisho husikika kama utani mpaka uone mtu mwenye akili timamu akichonga gego lisilo lake kwa sababu ya haraka. Mazoezini, sema namba ya jino kwa sauti kila unaposhika mashine.

Muda nao ufanyie mazoezi ya kweli. Weka saa, vaa glovu, barakoa na miwani, na uifanye sanamu ikae kama mgonjwa anavyokaa. Ukiinamisha kichwa chake upande unaokufaa wewe, unajidanganya, kwani hilo pia huhesabiwa.

Kwa wataalamu wa usafi wa kinywa, pale mtihani unapotumia mgonjwa halisi, nusu ya kazi imo katika kumchagua. Tafuta mwenye ugaga mgumu chini ya ufizi, unaoushika kwa kifaa bila kubahatisha. Mpime presha mapema, siku kadhaa kabla, maana ikifika 180/110 hatapokelewa. Uwe na mgonjwa wa akiba. Na unapokwangua, kumbuka fizi zilizochanika hukugharimu kama ugaga uliobaki, hivyo noa vifaa vyako usiku uliotangulia.

Umebaki mtihani wa sheria za jimbo, katika majimbo yanayoutaka. Ni mfupi na wengi huudharau, kisha leseni inachelewa kwa ajili yake. Ufanye huku ukisubiri matokeo mengine, na usitie saini mkataba wenye tarehe ya kuanza kazi mpaka namba ya leseni ionekane kwenye tovuti ya bodi.