Maswali ya Wafugaji: Alpaka wa Malindi, beberu wa Toggenburg, na punda mja mzito

SWALI: Assalamu alaykum. Nina ekari mbili hapa Malindi. Naona watu wa ng'ambo wanafuga alpaka kwenye vishamba kama changu na kuuza sufu. Nikileta jozi moja, watanizalia huku? — Msomaji, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam. Alpaka ni mnyama wa milima ya Andes, Peru na Bolivia, kwenye mwinuko wa kama mita 3,500 hadi 5,000. Huko hewa ni kavu na usiku baridi kali. Joto la Malindi la mwezi wa Machi, na unyevu wa bahari juu yake, litamwelemea hata akinyolewa kila mwaka. Ataanza kuhema mdomo wazi na kuacha kula. Dume huvimba korodani, na mbegu zake zikiharibika huchukua kama miezi miwili kurudi sawa.

Jozi nayo si mpango mzuri. Jike hana siku maalumu za joto, yaani za kutaka dume, kama mbuzi, yai lake hutoka baada ya kupandwa, kwa hiyo dume akikaa naye zizi moja atamsumbua kila siku. Wafugaji huwatenga, kisha baada ya wiki mbili hivi humpeleka tena jike kwa dume: akimtemea mate na kukataa kulala, huenda ameshika mimba. Mimba huchukua miezi kumi na moja na nusu, mtoto mmoja tu. Sufu ni kilo mbili au tatu kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe, kabla hata hujaanza kuomba kibali cha Idara ya Huduma za Mifugo. Kwa ekari mbili za pwani, sisi tungefuga mbuzi.

SWALI: Nina mbuzi majike sita wa kienyeji na nataka beberu wa Toggenburg ili nipate maziwa. Jirani alijaribu: wawili walikufa wakizaa, na watoto waliobaki wakaisha wakati wa masika. Alikosea wapi? — Msomaji, Gede

JIBU: Hapo kuna makosa mawili tofauti. La kwanza ni ukubwa. Toggenburg ni mbuzi mkubwa. Mtamba mdogo wa kienyeji akibeba mtoto wa beberu huyo, njia ya kuzalia haimtoshi. Tumia beberu chotara, au anza na majike wa Galla, ambao ni wakubwa na wamezoea joto. Mtamba asipandwe kabla hajafikia theluthi mbili ya uzito wa jike mzima wa aina yake. Toggenburg halisi Gede hatukushauri: msitu wa Arabuko-Sokoke una mbung'o, na mbuzi wa kigeni hana kinga ya kutosha dhidi ya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o.

Jike mwenye joto hulialia, hutikisa mkia, na uke huvimba na kutoa ute. Hali hiyo hudumu saa 24 hadi 36. Ukimwona asubuhi, mpeleke kwa beberu jioni. Andika tarehe. Joto lisiporudi baada ya siku 21, hesabu siku 150 tangu apandwe. Panga azae masika yakishapita, majani yakiwa bado mengi.

Kosa la pili ni sakafu na minyoo. Banda liinuliwe mita moja kutoka chini, mbao ziachane sentimita moja na nusu ili kinyesi kidondoke na mguu wa mtoto usizame. Paa la makuti linafaa sana, ila upande wa kusi uzibwe, maana mvua ya masika hupiga kutoka huko. Mtoto anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa ya kwanza, na kitovu kichovywe kwenye ayodini.

Mnyoo anayeua masika hukaa tumboni akinyonya damu. Funua kope la chini la jicho: likiwa jekundu, mbuzi ni mzima, likiwa jeupe, au kuna uvimbe chini ya taya, mpe dawa siku hiyo hiyo. Mpime uzito kwanza. Kukisia kwa macho huishia kwenye dozi pungufu, na dozi pungufu huzoesha minyoo dawa. Dawa ya minyoo ya albendazoli asipewe jike mwenye mimba ya mwezi wa kwanza. Mbuzi wasitoke mpaka umande ukauke, au uwakatie majani ya miti ya malisho kama lusina na glirisidia uwaning'inizie bandani. Majani ya muhogo ni chakula kizuri, lakini yakiwa mabichi yana sumu. Yaanike mpaka yakauke. Jike anayenyonyesha aongezewe pumba za mahindi na mashudu ya nazi.

SWALI: Punda wangu ana mimba, na kazi ya kubeba mchanga ni nyingi. Nimpumzishe lini? — Msomaji, Lamu

JIBU: Mimba ya punda ni kama miezi kumi na miwili, na mara nyingine huzidi. Miezi mitatu ya mwisho asibebe mzigo. Mwezi mmoja kabla ya kuzaa achanjwe pepopunda, kwa sababu kinga hiyo humfikia mtoto kupitia dang'a. Akishazaa, usimrudishe kwenye mchanga mtoto akiwa bado anamtegemea kwa maziwa, yaani miezi sita hivi. Siku chache tu baada ya kuzaa atashikwa na joto tena, kwa hiyo Lamu, ambako madume huzurura vichochoroni, mfunge ndani ya uwa.