Nimeacha kazi ya cyber, wateja hawalipi

SWALI: Habari mhariri, mimi ni dada wa Kondele, Kisumu, niliacha kazi ya cyber nikaanza kudizaini mabango na kadi za harusi mwenyewe. Kazi ziko ila mtu anachukua dizaini halafu anasema atatuma mwisho wa mwezi, sasa nifanyeje? Na hii mambo ya KRA, watu wa kodi, inanihusu kweli?

JIBU: Dada pole, lakini kazi unayo na hilo ndilo gumu zaidi kupata. Kuanzia leo usifungue kompyuta kabla nusu ya pesa haijaingia, hata kama ni binamu yako, na mkubaliane kwa WhatsApp bei ni ngapi na atarekebishiwa mara ngapi, maana kuna wale wa "badilisha tu hiyo rangi kidogo" mpaka saa sita usiku. Ikiisha mtumie picha ndogo yenye jina lako katikati, faili lenyewe la kuprinti litoke akimaliza deni. Anayekataa masharti hayo hakuwa na nia ya kulipa, mwache aende.

Pesa za kazi zisichanganyike na za unga, tafuta till ama Pochi la Biashara ya M-Pesa, wateja walipie huko.

KRA inakuhusu ndio. PIN ya kodi si unayo tayari? Ritani, yaani taarifa ya mapato yako ya mwaka, unafaili mwenyewe kwa iTax, tovuti ya KRA, kabla ya tarehe 30 Juni kila mwaka, hata mwaka ambao hukupata kitu, usipofaili kuna faini. Ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 ni ya biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka, lakini chini ya hapo bado mapato yako unayatangaza, kwa hivyo anza kuandika kila kinachoingia na kutoka.