Maswali ya Wasomaji: Tamasha la Vitabu vya Watoto

Kutoka Mikindani, Lindi mjini, Nachingwea na Newala tumepokea barua zinazozungukia jambo moja: namna ya kuandaa tamasha la vitabu vya watoto na kuwaleta mbele ya watoto watu wanaoviandika na kuvichora. Wanajibu waandishi wa ukurasa wetu wa vitabu.

*Ndugu wahariri, shule tatu za hapa Mikindani tunataka kufanya tamasha la siku moja. Watoto watakuwa kama 200, darasa la kwanza hadi la nne. Tuna uwanja wenye miembe, mikeka ya kuazima, na pesa kidogo. Tuchague tarehe gani, na siku yenyewe tuipangeje?* — Mwalimu wa darasa la pili, Mikindani

Mwalimu, hongereni kwa kuanza. Tushughulikie tarehe kwanza, maana ikikosewa hakuna kinachonyooka. Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto ni 2 Aprili, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, mtunzi wa hadithi za watoto wa Denmark, na imeadhimishwa tangu 1967. Lakini kwetu kusini Aprili mvua haijaaga, na mkeka uliolowa hauna kazi. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, ni kavu na ni sikukuu ya Saba Saba, ila miaka mingine shule zinakuwa bado likizo na watoto wametawanyika kwa bibi zao. Mwanzoni mwa Agosti maofisa na walimu wengi wako viwanja vya Ngongo, Lindi, kwenye Nanenane. Septemba kuna mtihani wa darasa la saba, na kuanzia Oktoba nyumba nzima iko kwenye mikorosho. Zinabaki Jumamosi ya mwisho ya Julai na Jumamosi ya tatu ya Agosti. Linganisheni na kalenda ya shule ya mwaka huo kabla hamjatangaza.

Miezi hiyo ina adui mmoja, upepo wa kusi. Hushika nguvu kadiri jua linavyopanda, hasa karibu na bahari. Anzeni saa 2:30 asubuhi, mmalize saa 6:30. Turubai mlishushe upande wa kusini, na vitabu vya maonyesho mvibane kwa vibanio vya nguo kwenye kamba badala ya kuvipanga mezani.

Sasa watoto. Wagaweni vikundi kumi vya watoto 20, kila kikundi na watu wazima wawili: mmoja anaongoza, mwingine anahesabu vichwa na kuwapeleka wenye haja. Wekeni shughuli tano, kila moja kwenye mikeka miwili: kusomewa, kujisomea, kutengeneza kijitabu, kuchora na mchoraji, na masimulizi ya mdomo. Kila shughuli ichukue dakika 25, na dakika tano za kuhama. Zikiisha shughuli tatu, saa 4:00, watoto wanywe uji upande wa mbali na vitabu. Wanaporudi, wapite kwenye ndoo yenye koki na sabuni, halafu wakaushe mikono. Ukurasa ukishashika mafuta ya andazi hausafishiki.

Mkeka wa kujisomea ndio roho ya tamasha, na ndio unaopunjwa. Kitabu cha kurasa 16 mtoto wa darasa la tatu anakimaliza kwa dakika tano, kisha anatafuta kingine. Watoto 40 wakiwa hapo kwa wakati mmoja mnahitaji nakala 120, yaani tatu kwa kila mtoto. Zikiwa 40 tu, baada ya dakika kumi mtakuwa na watoto wanaonyang'anyana. Ombeni kuazima kutoka maktaba ya mkoa na shule jirani, na kila nakala muiandikishe inapoingia. Vitabu vitawanywe katikati ya mkeka, majalada yakitazama juu. Mtoto huchagua kwa picha ya jalada. Mgongo wa kitabu haumwambii kitu.

Kwenye mkeka wa kusomewa, msomaji akae kwenye kigoda na watoto wakae nusu duara, safu tatu. Kitabu kishikwe pembeni ya shavu, kwa chini, na kila picha izungushwe taratibu kutoka kushoto kwenda kulia kabla ya kufungua ukurasa. Chagueni kitabu cha ukubwa wa A4. Picha ya kitabu kidogo haifiki safu ya tatu, na safu ya tatu isipoona ndiyo inayoanza fujo.

Mambo mawili huharibu kazi hii yote. La kwanza ni muziki. Spika ikiwashwa uwanjani, msomaji hasikiki hata kwa safu ya kwanza. Itumike kuita vikundi tu. La pili ni risala. Mgeni rasmi mpangieni saa 5:30, na badala ya hotuba mpeni kitabu kifupi awasomee watoto. Apelekewe siku tatu kabla ili akisome kwa sauti nyumbani.

Taarifa ziende mapema kwa afisa elimu, afisa utamaduni na ofisi ya kata. Polisi nao wapewe barua. Kwa mkusanyiko wa hadhara sheria inataka iwafikie angalau saa 48 kabla, lakini ninyi ipelekeni wiki mbili kabla.

*Nimesikia karatasi moja inaweza kuwa kitabu cha kurasa nane bila gundi wala pini. Inakunjwaje?* — Msomaji, Nachingwea

Chukua karatasi ya A4. Ikunje katikati kwa urefu, bana mkunjo kwa ukucha, ifungue. Ikunje katikati kwa upana, kisha kila ncha iilete kwenye mkunjo wa kati. Ukiifungua yote utaona vyumba vinane. Ikunje tena katikati kwa upana. Sasa shika upande wenye mkunjo, si ule wenye ncha mbili zilizo wazi, ukate kwa mkasi kufuata mstari wa kati hadi unapokutana na mkunjo unaofuata, kisha usimame. Fungua, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zielekeane. Tundu litafunguka katikati kama jicho. Endelea kusukuma mpaka liwe msalaba, halafu zungusha kurasa zote upande mmoja.

Kosa kubwa ni kukata upande wa ncha zilizo wazi: ukifungua, karatasi imechanika pembeni na tundu la katikati halipo. La pili ni kuandika kabla ya kukunja. Mtoto akifanya hivyo, ukurasa wa tatu unatokea kichwa chini miguu juu. Kunja kwanza, andika namba za kurasa kwa penseli, ndipo hadithi ianze. Karatasi iwe ya kawaida ya gramu 80. Manila ni nzito, haikunjiki vizuri. Kwa watoto 200 nusu rimu inatosha, na karatasi 50 zinabaki za kuharibika. Wadogo wakatieni ninyi.

*Tumempata mwandishi kutoka Dar es Salaam na mchoraji wa hapa. Kuna mjumbe anasema wao ndio wanatangazwa, hivyo tusiwalipe. Sahihi?* — Mwenyekiti wa kamati, Lindi mjini

Si sahihi, Mwenyekiti. Kuwa mbele ya watoto ni kazi, na siku ya mwandishi hapo kwenu ni siku ambayo hakuandika. Lipeni nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya siku mbili, chakula, na posho iliyotajwa kwa tarakimu kwenye barua. Barua iende wiki sita kabla, ikieleza idadi ya watoto, umri wao na idadi ya vipindi. Vitatu kwa siku, vya dakika 30 hadi 40, ndivyo sauti inavyoweza. Kutoka Dar hadi Lindi ni zaidi ya kilomita 400. Afike siku moja kabla, apumzike.

Mchoraji anahitaji bango kitita (karatasi kubwa zinazofunuliwa moja moja) lililosimama imara, makapeni ya rangi nne ambazo hazijakauka (zijaribuni jana yake), na kivuli. Asimame pembeni ya bango ili mkono usizibe mstari unaozaliwa. Watoto wanataka kuona duara likigeuka kuwa jicho la kima. Na wa kwenu msimweke pembeni kwa sababu mmemzoea. Kusini ndiko walikotoka wachoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, na George Lilanga, na watoto wa Lindi wana haki ya kulijua hilo.

Muhimu kuliko yote, wiki mbili kabla kila shule ipate nakala tatu za vitabu vya wageni, watoto wavisome. Mtoto aliyesoma atauliza kwa nini sungura hakurudi nyumbani. Asiyesoma atauliza mgeni ana miaka mingapi.

Vitabu vya kuuza chukueni kwa mali kauli (mnalipa baada ya kuuza), kwa orodha yenye saini mbili: nakala zilizoingia, bei, punguzo lenu, na siku ya kurudisha vilivyobaki. Muwe na chenji ya kutosha ya noti ndogo na sarafu.

*Nakala zikiwa chache, tutoe fotokopi?* — Mjumbe, Lindi mjini

Bila ruhusa ya mwenye haki, hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mwandishi na mchoraji, na tamasha la kuwaenzi haliwezi kuanza kwa kuwaibia. Zipo hadithi za leseni huria, kama zile za tovuti ya African Storybook, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, ambazo mnaruhusiwa kuchapa. Someni masharti ya kila kitabu na muache majina ya mwandishi na mchoraji yalivyo. Kitabu cha A5 cha kurasa 16 ni karatasi nne za A4 pande zote mbili. Stepla ya kawaida haifiki katikati. Toboeni matundu matatu kwenye mkunjo, mshone kwa sindano na uzi.

*Mjukuu wangu nimemlea kwa Kimakonde, Kiswahili anakisikia shuleni. Huko tamashani si atadoda?* — Bibi, Newala

Shikamoo, Bibi. Mlete, na wewe uje. Mkeka wa masimulizi unakuhitaji. Simulia kwa Kimakonde kipande kifupi, usimame. Mtoto mkubwa akieleze kwa Kiswahili, uendelee. Dakika kumi zinatosha. Waitikie "Hadithi njoo!" wote kwa pamoja, na hao wa safu ya nyuma watasogea wenyewe. Mwalimu mmoja aiandike unaposimulia, kisha watoto waichore kwenye vijitabu vyao, jina lako likiwa kwenye jalada.

*Picha za watoto tunaweza kurusha mtandaoni?* — Mzazi, Mikindani

Kwa idhini ya maandishi ya mzazi tu. Ongezeni mstari huo kwenye barua ya ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu picha pia. Asiyeruhusiwa avalishwe utepe wa rangi mkononi, na mpiga picha ajue maana yake.

*Tamasha likiisha tutabaki na vitabu kama 80. Tuvitunzeje?* — Mwalimu, Mikindani

Hewa ya bahari huvipiga ukungu, na mchwa hupanda kutoka sakafuni. Rafu iwe juu angalau sentimita 30, isiguse ukuta, na vitabu visibanane. Mara moja kwa wiki fungueni madirisha na mvipeperushe kurasa kivulini. Juani rangi hupauka na gundi hukatika. Sanduku la bati lililofungwa kabisa ni baya kuliko rafu wazi, kwa sababu unyevu unaoingia navyo hautoki. Kisha waacheni waazime. Daftari moja lenye safu wima nne linatosha: jina la mtoto, kitabu, siku kilipotoka, siku kiliporudi. Kwa kila kitabu mpeni mtoto mfuko wa kukibebea, maana njia ya nyumbani ina vumbi, na Novemba itakuwa na mvua.