Dick Gould na miaka 38 ya Stanford

Ndugu, umeuliza kama kocha wa tenisi anaweza kudumu katika chuo kimoja karibu maisha yake yote ya kazi na bado akalea wachezaji wa kiwango cha dunia. Naam, anaweza, na mfano ulio wazi zaidi ni Dick Gould wa Chuo Kikuu cha Stanford, jimboni California, aliyeifundisha timu ya wanaume kuanzia mwaka 1966 hadi 2004.

Gould alikuwa amesoma na kucheza papo hapo Stanford, kisha akafundisha katika chuo cha jirani cha miaka miwili, Foothill, kabla ya kurudi. Ubingwa wake wa kwanza wa kitaifa wa vyuo vya Marekani, ule wa NCAA, ulipatikana mwaka 1973, yaani baada ya subira ambayo vyuo vingi vya leo, kwa maoni yangu, visingempa kocha. Hadi anastaafu alikuwa ametwaa mataji 17.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni jinsi alivyowapokea vijana ambao tayari walikuwa na majina. John McEnroe alijiunga naye akiwa ameshafika nusu fainali ya Wimbledon mwaka 1977. Akakaa msimu mmoja tu, akashinda ubingwa wa mchezaji mmoja mmoja na wa timu mwaka 1978, akaenda zake kwenye tenisi ya kulipwa. Karibu miaka 20 baadaye wakaja pacha Bob na Mike Bryan, nao wakachangia ubingwa wa 1998.