Bluberi zisizo na mbegu kwa kuchanganya chavua?
Dada wa Machame, umeuliza kama kuchanganya chavua (unga wa maua) ya aina mbili za bluberi, yale matunda madogo ya buluu, kutakupa tunda lisilo na mbegu. Utapata kinyume. Chavua ya aina nyingine huongeza mbegu, na kwa kawaida tunda lenye mbegu nyingi ndilo hunenepa na kuwahi kuiva.

Kukosa mbegu mara nyingi ni suala la kromosomu, yaani nyuzi ndani ya seli zinazobeba urithi, ambazo huja kwa seti. Mgomba wa mzuzu una seti tatu za kromosomu. Hazigawanyiki sawasawa, basi mbegu hazijiundi. Tikiti lisilo na mbegu hupatikana kwa kuchavusha la seti nne kwa la seti mbili, kisha kupanda mbegu zake, ambazo huwa na seti tatu. Bluberi nyingi za biashara zina seti nne, lakini ukizichavusha kwa za seti mbili, karibu mbegu zote hufa changa.

Halafu mbegu zenyewe ni vichembe, unameza bila kujua! Mimi ningepanda aina mbili zinazochanua pamoja, miche ya vipandikizi, na kwanza nipime udongo: bluberi inataka udongo wenye asidi, pH (kipimo cha asidi) 4.5 hadi 5.5. Maji ya kisima chenye magadi usimwagilie, maana magadi hupunguza asidi hiyo.