Kabosili iliyo jirani ya fosfeti: pima kabla ya kuchora mshale

Kwa mwanafunzi anayeanza kuchunguza mimenyuko ya kuhamisha fosfeti, ushauri wangu ni huu: usichore mshale (alama ya elektroni zinavyohama) unaotoka kwenye kabosili jirani (kundi la asidi, COOH) kwenda kwenye fosforasi kabla hujajua kama kabosili hiyo inashambulia au inatoa protoni tu. Mimi niliuchora siku ya kwanza, nikaushikilia, na ukanigharimu miezi kadhaa.

Nilikuwa nikifanya kazi na fosfeti ya salisili, yaani asidi ya salisiliki ambayo haidroksili yake imefungwa kwenye fosfeti. Ndani ya maji huvunjika haraka kuliko fosfeti ya fenili, isiyo na kabosili, kwa tofauti kubwa mno. Na ukiihamisha kabosili hadi upande wa pili wa pete ya benzini, msaada huo hutoweka. Nikadhani oksijeni ya kabosili huivamia fosforasi na kuunda anhidridi (kiungo cha muda kinachofunga kabosili na fosfeti pamoja), kisha maji huivunja.

Ili kuinasa anhidridi hiyo nilitumia haidroksilamini, ambayo huigeuza kuwa asidi ya haidroksamiki, inayotoa rangi ya zambarau nyekundu ikikutana na kloridi ya feri. Neli yangu ikageuka zambarau papo hapo. Mwalimu wangu akauliza swali moja tu: iko wapi neli isiyotiwa haidroksilamini? Sikuwa nayo. Nilipoiandaa, nayo ikawa zambarau, kwa sababu asidi ya salisiliki, ambayo ndiyo zao la mmenyuko wenyewe, hutoa rangi ya namna hiyo na feri. Tangu siku ile sianzi jaribio lolote la rangi bila neli ya ulinganisho, na nakuomba nawe usianze.

Hatua iliyonifungua macho ilikuwa kupima kasi katika pH nyingi. Mchoro wake una umbo la kengele, na kilele chake kiko karibu na pH 5, pale ambapo molekuli nyingi zina chaji mbili hasi na zimebakiwa na protoni moja inayoweza kuhama. Hapa ndipo penye mtego, na wengi hunaswa: protoni hiyo ikikaa kwenye kabosili huku fosfeti ikiwa wazi (bila protoni), au ikikaa kwenye fosfeti huku kabosili ikiwa wazi, jumla ya chaji ni ileile, hivyo mchoro wa pH peke yake hauwezi kuamua ni umbo lipi linalofanya kazi. Bender na Lawlor waliunganisha vipimo vya kasi na isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti), na mwaka 1963 wakahitimisha kwamba kabosili ni asidi inayoipa protoni oksijeni inayoondoka.

Baadhi ya vimeng'enya navyo hutumia asidi jirani kwa namna hiyo. Katika PTP1B, kimeng'enya kinachoondoa fosfeti kwenye tairosini za protini, asidi amino ya sisteini iliyo nafasi ya 215 ndiyo inayoshambulia fosforasi, na asidi ya aspatiki iliyo nafasi ya 181 huipa protoni oksijeni ya tairosini inayoachwa. Kazi mbili zimegawanywa kati ya majirani wawili.

Jambo la mwisho, ambalo mimi nililipuuza: bafa ya asetati, yaani mchanganyiko unaotuliza pH, nayo ina asidi, kwa hiyo inaweza kuingia kwenye mmenyuko wako. Katika kila pH, rudia kipimo kwa viwango vitatu au vinne vya bafa huku ukidumisha kiwango kilekile cha chumvi yote, kisha chukua kasi inayosomeka pale mstari unapofika kwenye bafa sifuri.