Bao ni mchezo. Je, ni michezo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha wachezaji wa bao mjini Tanga. Tuliandika barua kuomba bao liingizwe katika bonanza la michezo la mtaani kwetu. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Tunaomba nafasi ya kuja kucheza bao ili kuwaburudisha wageni." Tukajibiwa kwa mdomo kwamba bao "ni mchezo, ila si michezo", kwa hiyo tukacheze barazani kwetu. Wenzangu walicheka, lakini mimi jibu hilo limenikaa kichwani. Je, Kiswahili kinakubali kitu kiwe mchezo kisha kisiwe michezo? Na je, tukiandika "spoti" badala ya "michezo", tutakuwa tumeumaliza ubishi?

JIBU: Marahaba, ndugu katibu. Nianze na sarufi, kwa kuwa ndiyo iliyo nyepesi. "Mchezo" na "michezo" ni nomino moja katika umoja na wingi wake, kama mti na miti, mkono na mikono. Kitu kikishaitwa mchezo, kikikutana na mwenzake viwili hivyo ni michezo, wala hakuna kanuni inayokizuia. Kwa hiyo jibu mlilopewa, likichukuliwa kama hoja ya sarufi, halina miguu. Hata hivyo nisingependa tumcheke aliyelitoa, kwa sababu sikio lake limesikia jambo ambalo kweli limo katika matumizi yetu, ingawa hakulieleza sawasawa.

Alichokisikia ni kwamba umoja na wingi wa neno hili vimeachana njia. Umoja umebaki na mawanda mapana mno. Mama wa Dar es Salaam akikuambia, "Leo napokea mchezo," hazungumzii mpira wala bao. Ni zamu yake ya kupokea fedha za upatu, na kijumbe yuko njiani kumletea. Mchezo unaweza kuwa tamthilia ya redioni. Unaweza kuwa hila, tunaposema kuna mchezo mchafu uliofanyika, na unaweza kuwa mzaha, tunapoonya kwamba hapa hakuna mchezo. Kitenzi chenyewe, kucheza, kimeenea zaidi: jino likilegea tunasema linacheza, jicho likitukutika linacheza, na mjamzito huweka kiganja tumboni akasema mtoto anacheza. Katika mifano hiyo yote hakuna mshindi wala aliyeshindwa. Kilichomo ni mwendo, kutotulia kwa kitu mahali pake, na nadhani hiyo ndiyo maana ya msingi ambayo nyingine zote zimechipuka kwake. Methali yetu ya "mcheza kwao hutunzwa" nayo ni ya ngomani: anayetunzwa ni mcheza ngoma aliye mbele ya watu wake. Wenzetu wa Mombasa na Lamu, ambao katika lahaja zao kitenzi hiki ni "kuteza", huteza ngoma vilevile.

Wingi, kwa upande wake, umejibana. Hebu angalia maneno yanayoambatana nao kila siku: uwanja wa michezo, habari za michezo, mavazi ya michezo, mwalimu wa michezo, Baraza la Michezo la Taifa. (Baraza hilo la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, ni watoto wa mwaka mmoja, lakini mmoja tu ndiye anayejaziwa viwanja.) Hakuna anayesikia "habari za michezo" akategemea kuambiwa nani kapokea upatu. Maana hii finyu, lakini, huja pale tu "michezo" inaposimama peke yake bila kivumishi. Ikipata mwenza, hurudia upana wake wa zamani papo hapo: tuna michezo ya kuigiza, michezo ya watoto, na hata Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ambayo kazi yake ni kusimamia kasino na kampuni za kubeti. Aliyewajibu alikuwa na "michezo" ile isiyo na mwenza, iliyokwisha kuzoeleka kwa maana ya mpira, netiboli na riadha, akaona bao haliingii humo. Angesema "bao halimo katika ratiba yetu", nisingekuwa na neno.

Hapa ndipo lugha yetu inapofanya jambo ambalo mimi hulifurahia kila nilitazamapo. Ukitaka kuutumia ushahidi wa Kiswahili kumtoa mtu katika michezo, atakayetangulia kutoka si mchezaji wa bao, ni mkimbiaji. Tunacheza mpira, tunacheza netiboli, tunacheza karata, tunacheza drafti, tunacheza bao. Lakini hatuchezi mbio. Mwaka 1974 Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Christchurch, na sijapata kumsikia Mswahili akisema Bayi "alicheza" mita hizo. Alikimbia. Vivyo hivyo muogeleaji huogelea, mrusha mkuki hurusha, mnyanyua vitu vizito hunyanyua. Bondia yuko mpakani, maana wapo wasemao anacheza ngumi na wapo wasemao anapigana ngumi, na bila shaka namna unavyosema hutegemea umekaa umbali gani na ulingo. Ndiyo maana tulihitaji neno la pili. Bayi ni mwanariadha na ni mwanamichezo, ila si mchezaji, kwa kuwa "mchezaji" limenyambuliwa moja kwa moja kutoka kitenzi kisichomhusu. "Mwanamichezo" limeundwa juu ya ule wingi uliokwisha kujibana, nalo linamchukua bila taabu. Kwa kipimo cha kitenzi, basi, bao na kandanda ni ndugu wa tumbo moja, na mbio ndizo zilizokaribishwa.

Nitaje kidogo na riadha, kwa sababu wako wanaopendekeza neno hilo lichukue maana nzima ya spoti. Limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya mazoezi ya mwili na michezo kwa jumla. Sisi tulilipokea tukalipunguza hadi likabaki na kukimbia, kuruka na kurusha. Kulirudisha kwenye upana wake wa asili si jambo linalofanyika kwa waraka.

Sasa tufike kwenye kiini cha barua yenu, yaani ni kitu gani hasa kinachoifanya shughuli ihesabiwe kuwa michezo kwa ile maana finyu. Jibu la haraka la watu wengi ni jasho, na tumezoea kuambiwa kwamba michezo ni afya. Lakini kuli anayepakua magunia bandarini hutokwa na jasho kuliko mlinda mlango yeyote, na tunachokiita kazi yake ni kazi. Anayekimbia peke yake alfajiri ufukweni tunasema anafanya mazoezi. Kwa upande wa pili, kulenga shabaha kulikuwamo katika Olimpiki ya kwanza ya kisasa ya mwaka 1896, ilhali ustadi wote wa mlenga shabaha ni kuuzuia mwili usitikisike. Walio nje ya Kiswahili nao hawajakubaliana. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua sataranji kuwa mchezo wa spoti mwaka 1999, ijapokuwa haijaiingiza katika ratiba ya mashindano yake. Na Oktoba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ilipokuwa ikiamua shauri la kodi ya ongezeko la thamani, ilisema mchezo wa karata uitwao bridge si spoti kwa madhumuni ya kodi hiyo, kwa kuwa sehemu ya mwili ndani yake ni ndogo mno. Na wapenzi wa mashairi watanisamehe nikichomeka hili: kati ya 1912 na 1948 Olimpiki ilitoa medali za uchoraji, muziki na fasihi. Malenga wetu walizaliwa mahali pasipo.

Je, ni kanuni? Nazo hazitoshi peke yake. Mtazame msichana anayecheza rede. Yuko katikati, wenzake wawili wako pande mbili na mpira, naye anainama kujaza chupa mchanga huku akikwepa; akiguswa na mpira ametoka, chupa ikijaa anasimama juu akiwa mshindi, na ole wake anayedai kaguswa kama hakuguswa, maana kanuni za rede zinajulikana na kila mtoto aliyesimama pembeni. Kuna mbio, kuna shabaha, kuna ushindani na kuna hukumu. Bado tunaiweka katika "michezo ya watoto", yaani pamoja na kombolela, kwa sababu hakuna ligi ya rede, hakuna daftari la matokeo wala mwamuzi aliyetoka mtaa mwingine.

Ukiniuliza mimi, neno linalobeba mzigo huu katika Kiswahili si "mchezo" wala "kucheza", ni "shindana". Tazama tunavyozipa shughuli majina. Pemba wana mchezo wa ng'ombe, ambamo vijana humchokoza dume wakamkwepa, na hakuna anayehesabu pointi. Unabaki kuwa mchezo, katika umoja wake. Lamu punda wanapotimuliwa ufukweni na waliowapanda, tunayaita mashindano ya punda, na Unguja ngalawa zikitoka kwa pamoja ni resi za ngalawa. Mahali ambapo pana kanuni zinazojulikana na pande zote, mshindani wa kweli, mwamuzi na chombo cha kuyatunza matokeo, Kiswahili huanza kusema "mashindano", na shughuli hiyo huelekea kwenye kurasa za michezo iwe ina jasho au haina. Hata usemi wa viwanjani haukusema asiyetoka jasho. Ulisema asiyekubali kushindwa si mshindani.

Kwa kipimo hicho bao lina haki yake yote. Wewe unajua kuliko mimi kwamba ubao wa mashimo 32 na kete 64 si pa kubahatisha: kila mmoja ana kete 32, kumi zimekwisha kupangwa, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, yaani shimo lake kuu, na 22 ziko mkononi zikisubiri kunamuliwa, yaani kuingizwa ubaoni, moja moja kila zamu. Asiyeweza kula kete za mwenzake hutakata, yaani husambaza kete zake tu bila kula. Kete za mkononi zikiisha, mtaji unaanza, yaani hatua ya kucheza na zilizo ubaoni tu, na ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu amefungwa, hakuna wa kumwonea huruma. Nimekaa barazani nikamwona mzee akitazama mashimo kwa muda wa kikombe kizima cha kahawa, kisha akasogeza kete mara moja na mpinzani wake akanyanyuka bila kusubiri mtambao wa kete mashimoni uishe, kwa sababu alishauona mwisho wake. Huyo mzee ni mchezaji, ni mshindani, na sioni kwa nini asiwe mwanamichezo.

Kuhusu "spoti", ni neno la Kiswahili siku hizi, wala sina ugomvi nalo. Wakenya hulitumia kwa wingi wakisema wanaspoti, na Tanzania tuna gazeti liitwalo Mwanaspoti. Faida yake ni kwamba halichanganyikani na upatu wala tamthilia. Kwa barua yenu, hata hivyo, lingewaharibia. Mtu akisikia "spoti" huona jezi na filimbi haraka zaidi kuliko akisikia "michezo", na zaidi ya hayo mngekuwa mmeagiza pamoja na neno ule ubishi wa sataranji na bridge niliougusia hapo juu.

Tatizo lenu, ndugu katibu, naliona katika sentensi mliyoiandika. "Kuja kucheza bao" ni kauli ya mtu anayeomba nafasi ya kujifurahisha, na "kuwaburudisha wageni" inawaweka pamoja na kikundi cha ngoma na mchekeshaji. Mlijitaja wenyewe kuwa burudani kabla hamjajibiwa. Andikeni hivi: "Tunaomba mashindano ya bao yaingizwe katika ratiba ya michezo ya bonanza. Washiriki watatoka katika mitaa mbalimbali, kanuni zimeambatanishwa, na mwamuzi hatatoka katika kikundi chetu." Hapo "bao" limekaa chini ya "mashindano", "michezo" imebaki katika wingi wake, na kitenzi "kucheza" hakimo kabisa. Kanuni mziambatanishe kweli, ziwe ukurasa mmoja, na neno "kutakata" mlieleze kwa mfano, kwa sababu atakayeisoma barua huenda analijua kwa maana ya nguo.